Hiroshima hawakujua, Nagasaki walijua

Mmeuliza wiki hii: jeshi likipiga mabomu mji wa adui na kuwaua askari wa upande wake waliotekwa na kufungwa humo, nani alaumiwe? Hapa Mafinga wengi niliowasikia wanamlaumu aliyewafunga. Ni kweli, ana lawama. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulikataza mateka wasiwekwe mahali ili uwepo wao uwe kinga ya mabomu, na ule wa 1949 ukaongeza kwamba wawe na mahandaki na pande zote zijulishane kambi zilipo.

Lakini mrusha bomu naye tusimwachie hivihivi kwa kuwa alishinda vita. Mwishoni mwa Julai 1945, Jenerali Carl Spaatz wa Marekani aliwaarifu wakubwa wake Washington kuwa pana kambi ya mateka yapata maili moja kutoka katikati ya Nagasaki. Je, mpango wa kuupiga mji huo bomu la atomiki ubadilike? Akajibiwa miji iliyolengwa ni ileile. Bomu la Agosti 9 likaua mateka, wakiwamo Waholanzi.

Hiroshima ilidhaniwa haina kambi. Kumbe Wamarekani 12, wengi wao wa ndege zilizotunguliwa Julai 28, walikuwa mikononi mwa polisi wa jeshi la Japani, mita mia chache tu kutoka bomu lilipolipukia. Wawili walibaki hai siku kadhaa, kisha mionzi ikawamaliza. Rubani Thomas Cartwright alinusurika kwa sababu tu alikuwa amehamishiwa Tokyo kuhojiwa.

Na familia zao? Aliyehangaika miongo mingi kuzitafuta na kuzieleza ni Shigeaki Mori, Mjapani aliyeokoka bomu hilohilo akiwa na miaka 8. Mei 2016 Rais Obama alimkumbatia pale Hiroshima. Nilifurahi kuiona picha ile, na nikakasirika pia: kazi ya serikali mbili ilifanywa na raia mmoja, tena kwa fedha na muda wake.

Uchungu huo nyanda zetu hizi zinaujua. Kaka wa babu yangu alikwenda kupigana Burma na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, katika vita hivyohivyo. Nyumbani waliambiwa amekufa, basi; mkewe alizeeka akiuliza alizikwa wapi. Kwa hiyo kabla ya kubishana nani mwenye kosa kubwa, namtaka aliyefunga na aliyepiga, kila mmoja kwa upande wake, aipe familia jina, mahali na kilichomuua mtoto wao, hata kama kilichomuua ni bomu la nchi yake mwenyewe.

Mwalimu mstaafu, Mafinga