Jipu la ukeni limerudi, na mume ananishuku

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Nina miaka 27, nabangua korosho hapa Tandahimba. Mwaka jana niliota jipu kwenye shavu la uke, kushoto, likachanwa, usaha ukatoka, likapona. Sasa limerudi palepale. Leo siku ya tatu siwezi kukaa wala kupanda bodaboda. Nimenunua kapsuli dukani, hazisaidii. Mume wangu anasema nimeleta ugonjwa wa zinaa nyumbani. Kungwi wangu anasema nitumbue kwa wembe. Nifanyeje? – M.

JIBU: Marahaba mwanangu. Wembe weka mbali, tena usilikamue hata kwa vidole. Pole sana, najua maumivu hayo yanavyomnyima mtu usingizi.

Chini ya mlango wa uke, kushoto na kulia, kuna tezi mbili ndogo kama punje ya mbaazi. Zinaitwa tezi za Bartholin, nazo hutoa ute wa kulainisha uke. Kijia cha ute kikiziba, hutokea uvimbe laini usiouma. Huo kwa msichana au mama kijana unaweza kuachwa bila tiba. Ila bakteria wakiingia, usaha hujaa haraka na kutembea kunakuwa shida. Kwa ulivyoeleza, nadhani uko hapo. Atakayekupima atalijua kwa kuliangalia na kuligusa, na atalitofautisha na jipu la kinyweleo linalotokea baada ya kunyoa.

Sasa la mume wako, maana naona ndilo linalokuumiza zaidi. Jipu hili peke yake si ushahidi wa uzinzi. Mara nyingi usaha wake una bakteria wa kawaida wa utumbo na wa ukeni, wale ambao kila mwanamke anao mwilini, hata aliyetulia na mume mmoja maisha yake yote. Kisonono na klamidia huweza kulisababisha, ndiyo, lakini si kila mara. Kwa hiyo mkapimwe nyote wawili, pamoja na VVU. Anayekushuku aje naye atoe vipimo, ndiyo haki. Mwonyeshe ukurasa huu.

Kwa nini limerudi? Likichanwa tu, tundu huziba mapema na tezi hujaa tena. Kapsuli nazo peke yake haziondoi usaha uliokwisha kujaa. Humfaa zaidi mwenye homa, mwenye wekundu unaosambaa, mjamzito, au mwenye kinga dhaifu. Tiba ni kulifungulia njia na njia hiyo ibaki wazi. Unachomwa ganzi, linachanwa upande wa ndani, kisha huingizwa mpira mwembamba wenye kiputo kidogo kichwani, unaokaa wiki 4 hadi 6 mpaka njia mpya ikomae. Mpira huo haupatikani kila hospitali. Usipokuwepo, daktari anaweza kushona kingo za mfuko kwa nje zisijifunge. Nenda hospitali ya wilaya leo. Wakishindwa watakuandikia rufaa kwenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa kule Mtwara. Useme wazi kwamba hii ni mara ya pili, na uombe mhudumu wa kike kama utaona haya.

Baada ya hapo, kalia maji ya uvuguvugu mara tatu au nne kwa siku, dakika 10 hadi 15. Najua maji huko juu Makonde ni ya kununua. Nusu beseni inatosha, bila chumvi nyingi wala dettol. Mikono ioshwe kwa sabuni kwanza, kwani mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na ngozi ya huko ni laini kuliko ya viganja. Tendo la ndoa lisubiri mpaka daktari aruhusu.

Neno kwa kina mama wengine wanaosoma hapa: ukiwa umefika miaka 40 na uvimbe wa namna hii ukajitokeza, hata usipouma, nenda ukapimwe. Daktari huweza kukata kinyama kidogo kikapelekwa maabara kuangalia saratani. Si kawaida kuikuta, ila kwa umri huo haifai kukisia.