Maswali na Majibu: Sayansi Nje ya Darasa

Darasa langu la tano ni kubwa. Nikiwatoa nje hutawanyika na kugombana. Nifanyeje? (Mwalimu, Chamwino)

Hutawanyika kwa sababu wametolewa bila kazi. Wagawe watano watano: mmoja ashike kamba, mwingine apime, wa tatu aandike, wa nne atunze muda na wa tano awe msemaji, kisha wabadilishane kila kipindi ili mbabe asishike kamba mwaka mzima. Kama jirani na shule kuna korongo lililochimbwa na maji, wapigilie vigingi kingoni kabla ya mvua za Desemba, wapime upana, na warudie baada ya kila mvua kubwa hadi Aprili. Makundi mawili yakileta vipimo tofauti, usiwaamulie. Warudi pamoja, kila mmoja aoneshe alishikia kamba wapi, ili wazoee kupingana bila kutukanana na kukubali kosa bila kuona aibu. Dakika kumi za mwisho wakae kivulini, kila mtoto aseme nani alimsaidia na kwa namna gani. Mwalimu anayeziruka amewatembeza watoto tu. Mawingu yakitanda, hata kwa mbali, mtu yeyote asishuke korongoni.

Tukodi basi la kwenda hifadhini?

Nimelijibu swali hili mara nyingi mno. Hapana. Kichuguu, mgunga na kopo la kukingia mvua vinatosha.

Mwanangu hatapitwa na masomo? (Mzazi, Kongwa)

Mmomonyoko wa udongo na hali ya hewa ni masomo.

Mwanafunzi wangu mmoja hasemi kabisa.

Usimsimamishe mbele ya wote. Mpe jambo la kushuhudia mwenyewe: msimu wa maua, ua la mbuyu hufunguka jioni na popo hulichavusha usiku. Alitazame akiwa na mzazi wake, na kesho yake alisimulie kundi lake dogo kwanza.

Wachelewaji wamwagilie miche kama adhabu? (Mwalimu wa zamu, Bahi)

La, na nawasihi walimu wote waache desturi hii. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na mche hauvuki kiangazi bila mtu anayeujali; mtoto aliyepewa ndoo kwa hasira atamwaga maji pembeni mara tu utakapompa kisogo. Umwagiliaji uwe dhamana ya kundi zima, kwa zamu. Huyo mchelewaji mwite faragha umwulize aliamka saa ngapi, kwa maana huenda tayari amechota maji ya nyumbani kabla ya kuja shuleni.