Uliza Tukujibu: Acuña nimwachie au nikomae nae?

SWALI: Mambo vipi kaka. Niko kwenye ligi ya fantasi ya besiboli (unachagua wachezaji halisi, unapata pointi kwa wanachofanya uwanjani), tupo 12, na kabla ya drafti ya 2025, yaani kuchagua wachezaji kwa zamu raundi kwa raundi, kila mtu anaruhusiwa kubaki na wachezaji watatu, ila ukibaki nae unapoteza raundi ileile uliyomchukulia 2024. Nina Ronald Acuña raundi ya 1, Ohtani ya 2, Elly De La Cruz ya 4 na mrushaji Paul Skenes ya 18. Washkaji wanasema nikimwachia Acuña ntajuta, eti mtu aliyepiga homurani 41 (mipira inayovuka uzio wa uwanja) na kuiba besi 73 (kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe) mwaka 2023 haachwi hivihivi. We unasemaje?
Kichwa Kinauma

JIBU: Washkaji zako wanaangalia jina, we angalia bei, yaani raundi unayopoteza. Acuña anakula raundi yako ya 1, na goti la kushoto lilichanika Mei 2024 wakati la kulia lilishachanika 2021, sasa mtu anayeishi kwa mbio akiumia magoti yote mawili mi siwezi kumlipia bei ya juu kabisa. Ukimwachia hujampoteza, anarudi sokoni tu, na we bado una raundi ya 1 na ya 3 mkononi, ukimtaka unamchukua tena, usipomtaka unachukua mzima. Najua utasema wachezaji 36 (watu 12 mara watatu) wameshabakishwa kwa hiyo raundi ya 1 itakuwa nyembamba, kweli, ila wengi watabaki na wale wa bei chee na mastaa wa bei kali watarudi.

Skenes hata usiulize. Alianza ligi kuu ya besiboli ya Marekani Mei 2024 akamaliza na ERA ya 1.96 (wastani wa pointi anazofungisha mrushaji kwa mechi nzima, ndogo ndio nzuri), raundi ya 18 ni bure kabisa, hata akiumia mkono (na warushaji wanaumia sana jamani) hujapoteza kitu.

Ohtani kwa raundi ya 2 ni wizi, homurani 54 na besi 59 za kuiba msimu mmoja wa 2024, na hapo hakurusha hata mpira mmoja kwa sababu ya kiwiko. Muulize tu msimamizi wa ligi kama kwenye programu yenu anahesabika mtu mmoja au wawili, maana sehemu zingine Ohtani mpigaji na Ohtani mrushaji ni wachezaji tofauti.

Anayenipa mashaka kidogo ni De La Cruz. Besi 67 alizoiba 2024 tamu, lakini alitolewa kwa straikiauti (kushindwa kupiga mpaka straiki tatu) mara 218, kwa hiyo kama ligi yenu inakata pointi kwa straikiauti thamani yake inashuka sana, kama mnahesabu homurani, besi za kuiba na wastani wa kupiga basi baki nae. Halafu tangu 2023 besi zilipoongezwa ukubwa kila mtu anaiba, besi zilizoibwa ligi nzima zilitoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023, mwizi wa besi 30 siku hizi wa kawaida tu, ila wa 67 bado ni adimu na kwa raundi ya 4 mi ningembakisha.