Wiski ya nafaka si spiriti iliyotiwa rangi

SWALI: Rafiki yangu anasema wiski ya nafaka iliyomo kwenye wiski za mchanganyiko za Uskoti ni spiriti tupu ya kuongezea ujazo. Ananishauri ninunue wiski ya kimea, yaani ya shayiri iliyooteshwa, niizidishe kwa spiriti na rangi kidogo, nami nitapata kitu kilekile kwa bei nafuu. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na ushauri huo usiufuate. Naulizwa hivi kila mara, na linaloniudhi ni hilo neno "tupu".

Mtambo wa nguzo unaokeneka wiski ya nafaka, aliouwekea Aeneas Coffey hataza mwaka 1830, hufanya kazi mfululizo bila kusimama, basi watu hudhani kinachotoka hakina ladha. Spiriti isiyo na ladha hukenekwa hadi asilimia 96 hivi ya alkoholi. Wiski ya nafaka, kwa sheria, lazima itoke chini ya asilimia 94.8, ili ibaki na harufu na ladha ya ngano au mahindi yaliyopikwa, pamoja na kimea cha shayiri kilichogeuza wanga kuwa sukari. Kwenye karatasi pengo ni dogo. Puani ni kubwa. Kisha hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni, hukohuko Uskoti, si chini ya miaka 3. Nikiizimua kwa maji hadi asilimia 20 na kuinusa, ile changa ina ukali na harufu ya nafaka. Iliyokaa pipani miaka mingi inanukia vanila, pengine na nazi. Karameli inaruhusiwa, lakini kazi yake ni rangi tu.

Katika chupa nyingi za mchanganyiko nafaka ndiyo sehemu kubwa. Huleta wepesi na utamu, na hupatanisha wiski za kimea, yenye moshi na yenye matunda, zisigombane. Ukiweka spiriti mahali pake, umezimua kimea, basi.

Na hao wanaouza "kiini cha wiski" na kufundisha watu kuchanganya, waogope. Spiriti ya viwandani huweza kuwa na methanoli, alkoholi yenye sumu, nayo huitambui kwa kuonja wala kunusa. Kuiwasha moto na kutazama rangi ya ndimi si kipimo. Kuchuja kwa mkaa hakuiondoi. Inapofusha na kuua, na dalili zinaweza kuchelewa saa 12 au zaidi, mtu akidhani amesalimika. Aliyekunywa mchanganyiko wa kushuku apelekwe hospitali leo hii, hata kama bado anaona vizuri.