Kofia ya jino ikichomoka, usikubali kubandikwa kabla hujajua sababu

Mara ya kwanza kofia yangu, yaani kifuniko kinachobandikwa juu ya jino lililochongwa, ilitoka na kashata. Nikajilaumu, maana daktari alishanionya nisitafunie upande ule kitu kigumu wala cha kunata, na kashata ni vyote viwili. Ilikuwa siku ya 4 tu tangu nivalishwe. Nikarudi kinyonge kama mtoto aliyevunja glasi, ikabandikwa tena.

Mara ya pili ilitoka na chapati. Chapati ya kuchovya kwenye chai, laini hata kibogoyo angeimaliza! Hapo ndipo nilipoacha kujilaumu.

Kofia iliyokaa sawasawa haichomolewi na chapati. Daktari wa pili niliyemwendea hakukimbilia simenti, ile gundi ya kubandikia kofia. Aliigeuzageuza kama mtu anayekagua embe sokoni, akaangalia simenti imebaki wapi, kisha akanishikisha kioo. Kisiki cha gego langu kilikuwa kimechomoza kidogo mno juu ya ufizi. Gego, akasema, linataka kimo cha kama milimita 4 ili kofia ipate pa kushika, tena lisichongwe likachongoka kama pia ya kuchezea. Langu halikufika hata nusu ya hapo. Akairudisha kofia bila simenti, akaweka karatasi ya rangi: "Ng'ata. Sagasaga kidogo." Alama nene ya bluu ikabaki pale pale. Kofia ilikuwa juu kuliko meno mengine, kwa hiyo kila nikifumba mdomo, ndiyo ya kwanza kupigwa.

Kasoro hizo simenti haizitibu. Ufizi ulikatwa kidogo, nikasubiri wiki kadhaa upone, kikachukuliwa kipimo upya, ikatengenezwa kofia nyingine. Kulipia jino moja mara mbili kuliniuma kuliko sindano ya ganzi.

Kwako sababu inaweza kuwa nyingine: mate au damu viliingia wakati wa kubandika, jino limeoza kwa chini, au unasaga meno usingizini. Uliza pia kama umewekewa simenti ya muda au ya kudumu. Watu wengine hulalamika bure, kumbe ile ilikusudiwa itoke.

Ikishatoka, iweke kwenye kikopo, si kwenye tishu. Yangu nusura ifagiliwe na makombo. Ukiiosha, ziba kwanza tundu la sinki. Shangazi yangu alikwisha kuniletea gundi ya viatu, Mungu amweke, nikamwambia asante lakini hapana. Usilale nayo ikiwa inacheza, isije ikaingia kwenye njia ya hewa. Ukiimeza, mara nyingi hutoka yenyewe chooni. Ila ukipaliwa, ukabaki unakohoa au kuhema kwa shida, hospitali saa hiyo hiyo. Wala usikae nayo wiki nzima kwa sababu tu huna maumivu. Jino lililotibiwa mzizi linaweza lisiume, lakini majirani zake huweza kusogea, na kofia ikirudishwa isiingie.

Jambo ambalo ningependa kuambiwa mapema ni hili: ganzi ikiwa bado mdomoni, huwezi kujua kama kofia iko juu. Subiri iishe, ndipo ung'ate taratibu. Ukihisi jino moja linatangulia mengine, rudi kesho yake. Mimi nilipopiga simu niliambiwa nitazoea.