Je, jiko la jua linaweza kuchukua nafasi ya kuni?

SWALI: Huku Bahi, mkoani Dodoma, jua ni kali karibu mwaka mzima, lakini kuni zimeadimika na akina mama wanakwenda mbali kuzitafuta. Je, jiko la jua linaweza kuivisha maharage na kupikia ugali, nasi tukaachana kabisa na mafiga?
Msomaji, Bahi

JIBU: Ndugu msomaji, wali, viazi na maharage huiva. Ugali ndio mgumu, kwa kuwa unataka kusongwa juu ya moto mkali, na kila kifuniko kinapofunguliwa joto hupotea. Kwa hiyo usiyavunje mafiga; yabakie kwa ugali na chakula cha jioni, na jua liachiwe vyakula vinavyokula kuni nyingi, hasa maharage na makande.

Jiko rahisi kuliko yote ni kadibodi iliyobandikwa karatasi ya alumini na kukunjwa ili ielekeze miale kwenye sufuria nyeusi yenye kifuniko, nayo sufuria ikafunikiwa bakuli kubwa la kioo lisiloruhusu joto kutoroka. Majiko ya kadibodi ya aina hiyo yalianza kutumiwa na wakimbizi wa Kakuma, kaskazini mwa Kenya, mwaka 1995. Chakula huiva kwenye joto la kuanzia nyuzi 82 hivi, ndiyo maana ni nadra kuungua, ingawa huchukua mara mbili ya muda wa kawaida au zaidi. Sufuria yenye masizi inafaa sana. Usiisugue kwa nje.

Maharage, hasa mekundu, yanataka uangalifu, na jambo hili tunalisisitiza kwa sababu linahusu afya ya familia: yana sumu ya asili inayoharibika kwa kuchemka hasa, si kwa joto la polepole. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yake, uyachemshe motoni katika maji mapya kwa dakika 10 kamili, ndipo uyahamishie juani kabla ya saa nne asubuhi, ukiligeuza jiko kulifuata jua kila baada ya saa moja hivi. Kwa upepo wa Dodoma, ligandamize kwa mawe.

Jiko hilohilo husafisha maji ya kunywa, kwani yakifika nyuzi 65 na kubaki hapo kwa dakika kadhaa, vijidudu vya kipindupindu hufa. Siku za mawingu, hasa kati ya Desemba na Machi, utahitaji kuni, basi jiwekee akiba kavu kabla ya mvua kuanza.