Mwanangu, usiwasainishe kiapo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma. Hongera kwa kuchaguliwa mwenyekiti, ingawa nimecheka kidogo, maana tangu utotoni ulikuwa ukikwepa kila kazi ya kuongoza watu. Sasa chama kinachowahimiza wanafunzi kusubiri ndoa ndicho kimekunasa!

Umeniuliza mambo mawili. Je, kila anayejiunga atie saini kiapo kwamba hatafanya ngono hadi aoe au aolewe? Na akikivunja, afutwe uanachama? Unasema wenzako kwenye kamati wanataka yote mawili, tena haraka, ili chama kionekane kina msimamo.

Mimi nisingekubali hata moja. Msimamo wangu kuhusu ndoa na zinaa unaujua, na haujalegea. Nakataa kwa sababu viapo vya namna hii vimeshajaribiwa, na matokeo yake yanajulikana.

Mwaka 1993, Wabaptisti wa Kusini huko Marekani walianzisha kampeni ya True Love Waits (yaani, Upendo wa Kweli Husubiri), na vijana wengi mno wakajaza kadi za ahadi. Mwaka 2001 wanasosholojia Peter Bearman na Hannah Brückner walichapisha utafiti kuhusu vijana walioapa. Waliona kwamba kiapo kiliwachelewesha kuanza ngono kwa takriban miezi 18, lakini si kila mahali. Kilishika pale walioapa walipokuwa kundi linalojitambua ndani ya shule. Pale ambapo karibu kila mtu aliapa, kiliisha nguvu. Tena wale waliokuja kukivunja walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kutumia kinga mara ya kwanza. Halafu mwaka 2009 mtafiti mwingine, Janet Rosenbaum, akalinganisha walioapa na vijana wasioapa waliofanana nao kwa imani na malezi. Baada ya miaka mitano hakukuwa na tofauti ya maana katika kufanya ngono kabla ya ndoa, na asilimia 82 ya walioapa walikana kwamba waliwahi kuapa.

Hiyo asilimia 82 ndiyo iliyonikalia kichwani. Kuvunja ahadi ni udhaifu wa binadamu, tunaujua. Lakini kukana kwamba uliwahi kuahidi ni kitu kingine kabisa. Karatasi ile haikuwa imewaingia, au iliwatia aibu wakaona bora waizike. Ndiyo maana naogopa hicho kifungu cha kufukuza kuliko hata kiapo chenyewe. Ukikiweka, atakayeondoka ni yule aliyeanguka akaja kusema ukweli. Atakayebaki ni yule anayejua kuficha. Baada ya mwaka mmoja utakuwa unaongoza chama cha mabingwa wa kuficha, nao ndio watakaopanda jukwaani kuwahubiria wengine usafi.

Na nani atakayeumia kwanza? Msichana. Yeye mimba itaonekana. Kijana aliyempa mimba hiyo anaweza kuendelea kuwa mweka hazina, akifungua mikutano kwa sala. Kamati yako imelifikiria hilo? Waulize waziwazi, tena mbele ya wavulana.

Maana kuna tabia nyingine katika vyama hivi ambayo sitaki uiige: kuongea na wasichana tu. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kulianzishwa chama cha aina yenu mwaka 2006, kikiitwa True Love Revolution (Mapinduzi ya Upendo wa Kweli). Mwaka uliofuata kiliwatumia wasichana wa mwaka wa kwanza kadi za Siku ya Wapendanao kuwahimiza wasubiri, kikalaumiwa sana. Lawama hiyo naiona ya haki, hata kama waliolaumu hawakubaliani nasi kwa mengine yote. Ukisema usafi ni wa wote, basi barua iende kwa wote. Mimi ningeanza na mabweni ya wavulana.

Mfano ninaoupenda ni wa Princeton, chuo kikuu kingine cha Marekani. Mwaka 2005 wanafunzi wa huko walianzisha chama wakakiita Anscombe Society, kwa heshima ya Elizabeth Anscombe, mwanafalsafa Mwingereza. Mama huyu alikuwa Mkatoliki mwenye watoto saba, na alitetea mafundisho ya kale kuhusu ngono kwa hoja ambazo hata wapinzani wake walilazimika kuzijibu. Lakini ni huyohuyo aliyesimama katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1956 kupinga Truman, rais wa zamani wa Marekani, kupewa shahada ya heshima, kwa sababu ndiye aliyeamuru mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki. Kwake, kutoua wasio na hatia na kutozini yalitoka kwenye kapu moja la maadili. Chama chenu kikizungumza ngono peke yake mwaka mzima, watu watawaona mmekaa kuchungulia vitanda vya wenzenu, na sitawashangaa.

Kwa hiyo someni. Fanyeni midahalo, na mpinzani apewe muda sawa na wenu. Waiteni watu waliokaa kwenye ndoa muda mrefu, wakiwemo ambao mambo hayakuwa rahisi, waseme ukweli wao. Mtaulizwa kuhusu wapenzi wa jinsia moja, hilo halikwepeki. Elezeni mnachoamini, lakini asitajwe mtu wala asichekwe mtu, na anayethubutu kumsema mwanafunzi mwenzake kwenye mkutano umnyamazishe wewe mwenyewe papo hapo.

Jambo la mwisho ni la kanuni. Kabla ya kuandika lolote kuhusu nani aingie na nani atoke, someni masharti ya chuo kuhusu vyama. Marekani, chama cha wanafunzi Wakristo katika shule ya sheria ya Hastings kilitaka wanachama wake wakubali imani yake na maadili yake ya ngono. Shule ilitaka kila chama kimpokee mwanafunzi yeyote. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 2010 ikaamuliwa, na chama kikashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Sheria za kwenu huenda ni tofauti, ila mlezi wa chama ajue mapema mnachotaka kuandika, asije akakisikia kwa mkuu wa wanafunzi.

Rasimu ya katiba nitumie kabla haijapigiwa kura. Mama yako naye anataka kuisoma, na unajua yeye hukosoa hata nukta.

Baba yako